Laana Isiyo na Paka

The Curse of the Cat People, filamu iliyotolewa na kampuni ya RKO ya Marekani mwezi Machi 1944, ni mwendelezo ambao karibu haufanani kwa lolote na filamu iliyoutangulia. Jina linaahidi laana na watu wanaogeuka paka. Ndani yake hamna anayegeuka paka, hamna anayeuawa, na mzimu wake haumtishi mtu. Kwa dakika 70 inamfuata msichana wa miaka sita, Amy Reed, asiye na rafiki, pamoja na baba yake, Oliver, asiyetaka kusikia habari za rafiki ambaye mtoto amejipatia bustanini. Tangu mwanzo watazamaji wamegawanyika. Wapo wanaoiona kuwa ulaghai wa kibiashara, jina la paka lililopachikwa juu ya kisa cha mtoto. Wapo pia wanaoihesabu kati ya filamu bora kuhusu utoto zilizowahi kutoka Hollywood, ila wengi wao huitetea kwa kuitenga na ile ya kwanza, kana kwamba uhusiano wa hizo mbili ni aibu ya kufichwa. Ikisomwa kwa jicho la saikolojia, utetezi ulio bora ni mwingine: filamu hii ni mwendelezo wa kweli, na hata jina lake, ambalo walioitengeneza walilichukia, halikukosea sana.

Ili kuelewa kwa nini iliwakera wengi, ni lazima kuitazama biashara iliyoizaa. Katika miaka ya 1930 na 1940 majumba mengi ya sinema ya Marekani yalionyesha filamu mbili kwa tiketi moja: kubwa yenye nyota wa kuvuta watu, na ndogo ya kuisindikiza. Ile ndogo kwa kawaida ilikodishwa kwa bei moja isiyopanda hata ukumbi ukifurika, kwa hiyo faida yake ilitegemea kubana matumizi. Filamu za kutisha zilifaa sana kwa kazi hiyo, na kampuni ya Universal ndiyo iliyoijenga desturi. Frankenstein ilitoka 1931, ikafuatwa na Bride of Frankenstein mwaka 1935 na Son of Frankenstein mwaka 1939. The Wolf Man ilitoka 1941, na kufikia 1943 mazimwi hao wawili walikuwa wamekutanishwa katika filamu moja. Kanuni ilikuwa nyepesi. Zimwi linakufa mwishoni mwa filamu hii na kufufuka mwanzoni mwa ile. Mtazamaji alilipa ili aone alichokwisha kukiona, kikiwa kimeongezwa chumvi kidogo.

RKO iliingia katika biashara hiyo ikiwa na shida ya fedha. Kazi za Orson Welles, Citizen Kane ya 1941 na The Magnificent Ambersons ya 1942, zilikuwa zimeleta sifa na hasara. Mwaka 1942 usimamizi wa utayarishaji ulikabidhiwa Charles Koerner, mtu wa majumba ya sinema, naye akaanzisha kitengo kidogo cha kuifuata Universal kwenye faida. Aliyepewa kitengo hicho ni Val Lewton. Alizaliwa Yalta, kwenye Bahari Nyeusi, mwaka 1904. Mama yake alimhamishia Marekani akiwa bado mdogo, na sehemu ya utoto wake ilipita chini ya himaya ya dada wa mama yake, mwigizaji mashuhuri Alla Nazimova. Kabla ya RKO alikuwa ameandika riwaya za kuuzwa haraka na kufanya kazi ya hadithi kwa mtayarishaji David O. Selznick. Masharti aliyopewa yalikuwa matatu: kila filamu isizidi dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina litoke juu. Jina lilitangulia, kisha hadithi ikatafutwa ya kulijaza. Lewton aliyageuza masharti hayo kuwa uhuru. Maadamu bango lilikuwa la wakubwa, yaliyo nyuma ya bango aliyafanya yake, na kila mswada ulipitia mkononi mwake mara ya mwisho, ingawa mara nyingi hakuweka jina.

Jina la kwanza aliloshushiwa lilikuwa Cat People. Filamu iliyotokana nalo iliandikwa na DeWitt Bodeen, ikaongozwa na Jacques Tourneur, na kutoka Desemba 1942. Irena Dubrovna, mchoraji wa mitindo kutoka Serbia anayeishi New York, anaamini kwamba yeye ni wa ukoo uliolaaniwa, na kwamba akikumbatiwa kwa mapenzi atageuka chui mweusi na kumrarua amkumbatiaye. Anaolewa na Oliver Reed, mchoraji wa ramani za meli, lakini hathubutu kuwa mke wake kitandani. Mume anatafuta faraja kwa Alice, mfanyakazi mwenzake, na wivu unaamsha kile ambacho Irena alikuwa akikiogopa. Kwa sehemu kubwa ya filamu mnyama ni kivuli kwenye kuta za bwawa la kuogelea, au ni nyayo zinazokatika ghafla usiku. Katika tukio lililosifiwa kuliko yote, Alice anatembea peke yake kando ya bustani kubwa ya mji, anahisi anafuatwa, na mfoko wa hewa unaomrusha mtazamaji kitini ni breki za basi linalosimama. Filamu ilirudisha gharama zake mara nyingi, na Koerner akataka nyingine.

Mambo matatu katika filamu hiyo ndiyo ufunguo wa iliyofuata. La kwanza, Oliver anamweleza Alice kwamba maisha yake yote yalikuwa ya furaha, kwa hiyo hajui mtu hufanya nini anapokuwa na huzuni. La pili, wanaume wawili ambao Irena anawafunulia siri yake, yaani mumewe na daktari wa akili Louis Judd, wanamjibu jambo lilelile: unachokijua kuhusu nafsi yako si kweli. Mume analisema kwa upole na daktari kwa kejeli, mpaka siku daktari anapojaribu kulithibitisha kwa kumbusu Irena, akararuliwa. La tatu ndilo zito. Usiku mmoja ofisini Oliver na Alice wanabanwa kwenye pembe na mnyama anayenguruma gizani, na Oliver anajikinga kwa rula ya kuchorea yenye umbo la T, ambayo kivuli chake ukutani ni msalaba, huku akimsihi mnyama kwa jina la mke wake. Maana yake ameona. Na filamu inapoishia kwenye bustani ya wanyama, mbele ya mwili wa Irena, Oliver ndiye anayekiri kwamba mwanamke yule hakuwahi kuwadanganya.

Katika mwendelezo kukiri huko kumefutika. Oliver na Alice wameoana na wanaishi Tarrytown, mji mdogo kando ya mto Hudson kaskazini mwa New York, jirani na bonde la Sleepy Hollow ambalo Washington Irving alilipa sifa mwaka 1820 kwa hadithi ya mpanda farasi asiye na kichwa. Oliver sasa anamzungumzia mke wake wa kwanza kama mgonjwa aliyejidanganya mpaka akauamini uongo wake mwenyewe, na kwa ajili hiyo watu wakafa. Shahidi ameukana ushahidi wake. Wachambuzi wanaosema filamu hizi mbili zinapingana wameiona tofauti hiyo lakini hawakuisoma: kinachopingana ni Oliver wa jana na Oliver wa leo, na mpingano huo ndio kisa chenyewe.

Utengenezaji wake haukuwa mwepesi. Lewton alitaka filamu iitwe Amy and Her Friend, akakataliwa. Upigaji picha ulianza Agosti 1943 ukiongozwa na Gunther von Fritsch, ambaye hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, naye akaenda taratibu mno kwa ratiba ya filamu ya bei ndogo. Siku alizopangiwa zilipokwisha kazi ilikuwa bado nyingi, na kiti chake akapewa mhariri wa filamu hiyohiyo, Robert Wise, kijana aliyehariri zile kazi mbili za Welles na ambaye hakuwahi kuongoza filamu nzima. Majina yote mawili yamewekwa kwenye filamu. Kisha wakubwa wakaona paka hawatoshi, wakaagiza vipande vya kuongezea, na ndiyo sababu mwanzoni yupo paka mweusi juu ya mti ambaye hana kazi yoyote baadaye. Matangazo nayo yalinadi tishio la watu paka kana kwamba hakuna aliyekuwa ameitazama filamu yenyewe. Hasira ya waliolipa wakakuta mtoto anazungumza na hewa inaeleweka; lakini ni hasira ya kuelekezwa kwa idara ya mauzo.

Kisa kinaanza na kipepeo. Watoto wa shule wako matembezini, Amy amejitenga akimfuata kipepeo, na mvulana mmoja, akitaka kumfurahisha, anamkamata mdudu na kumponda. Amy anampiga kofi. Wazazi wanaitwa, na kinachomsumbua Oliver zaidi ya kofi ni kwamba binti yake anaota ndoto mchana. Inafuata sherehe ya kuzaliwa isiyohudhuriwa na yeyote. Kadi za mwaliko alikuwa amepewa Amy azitume, naye akazitumbukiza katika tundu la mti bustanini, kwa kuwa baba yake aliwahi kumwambia, katika mchezo, kwamba tundu lile ni sanduku la posta la ajabu. Inasimuliwa kwamba Lewton mwenyewe alifanya hivyo utotoni. Tukio hilo ni la dakika chache tu, lakini lina ramani nzima ya nyumba ile. Baba alitunga hadithi, akaisahau, na sasa anamkaripia mtoto kwa kuiamini. Muda mfupi baadaye anamtaka azime mishumaa ya keki na kutamani kitu moyoni. Mtoto anatakiwa aamini saa ya kuamini na akane saa ya kukana, na hakuna anayemweleza saa hizo zinatambuliwaje.

Amy anatamani rafiki. Pete aliyotupiwa kutoka dirisha la nyumba kuukuu ya jirani inaelezwa na Edward, mtumishi wa nyumbani, kuwa ni ya kutamania. Edward anaigizwa na Sir Lancelot, mwimbaji wa kalipso kutoka Trinidad, na inafaa kusemwa kwamba ni mtu mzima mwenye heshima na busara zake, jambo ambalo waigizaji weusi hawakupewa mara nyingi katika Hollywood ya 1944. Rafiki anakuja bila sura kwanza: mwanga wa bustani unabadilika, majani yanapukutika, mtoto anacheka na asiyeonekana. Sura inakuja baadaye, Amy anapoiokota picha ya Irena kati ya karatasi za baba yake na kuuliza ni nani, asipate jibu la maana. Kuanzia hapo rafiki ana uso wa Irena, na gauni refu la binti mfalme kutoka vitabu vya hadithi. Mpangilio huo ni wa makusudi. Picha imetangulia, mzimu umefuata. Mtoto amemjenga rafiki kwa vifaa vilivyokuwamo ndani ya nyumba, na kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa jina ambalo watu wazima walikuwa wakilikwepa.

Rafiki huyo anafanya kazi za kawaida kabisa. Anamfundisha Amy hesabu kwa kuzipa tarakimu umbo la watu: moja ni binti mfalme mrefu aliyesimama, mbili ni mwanamfalme aliyempigia goti. Anamliwaza usiku anapoota jinamizi. Wakati wa Krismasi waimbaji wanapokusanyika sebuleni, Irena anaimba wimbo wa Kifaransa kule nje, chini ya theluji, na mtoto pekee anasikia nyimbo mbili kwa pamoja. Ukutani mwa nyumba ya Reed ungali umetundikwa mchoro wa Goya wa mtoto aliyevaa nyekundu, akiwa na ndege wake kwenye kamba na paka wakimkodolea macho ndege huyo. Irena ndiye aliyeupenda. Oliver ameuacha pale. Mtu anayetaka kusahau kwa dhati angeushusha.

Ukuta wa pili wa kisa ni nyumba ilikotoka ile pete. Humo anaishi Julia Farren, mwigizaji mkongwe wa jukwaani, pamoja na Barbara, mwanamke wa makamo anayemhudumia. Barbara ni binti yake, lakini mama hakubali. Anasisitiza kwamba binti yake alikufa akiwa na miaka sita, na huyu ni mlaghai. Amy anapozuru, mama anamkumbatia mtoto wa watu mbele ya mtoto wake mwenyewe, na Elizabeth Russell, anayemwigiza Barbara, anasimama mlangoni kwa uso ambao chuki na ombi haviachani. Wengi waliochambua filamu hii wamesema sehemu ya Farren ni ya ziada, masalio ya filamu ya kutisha yaliyobakizwa ili kuwaridhisha wakubwa. Hapo ndipo usomaji wa kisaikolojia unapolipa. Umri wa Barbara aliyekanwa ni umri wa Amy. Barbara ni Amy aliyekua bila ya kuaminiwa.

Hivyo filamu zote mbili zinakuwa na mhimili mmoja. Irena alisema kweli kuhusu nafsi yake akaambiwa anawaza tu. Amy anasema kweli ya moyo wake anaambiwa hivyohivyo. Barbara anasema mimi ni mwanao, na hilo nalo linakataliwa. Kinachorithishwa kutoka filamu ya kwanza hadi ya pili ni kule kutoaminiwa, na pale panapokosekana kuaminiwa hatari inazuka: daktari alikufa, na Barbara atakaribia kuua. Ikiwa lazima pawe na laana, ni hiyo.

Filamu yenyewe inataja chanzo chake. Mwalimu wa Amy, Bi Callahan, anamtajia Oliver kitabu ambacho si cha kubuni: The Inner World of Childhood cha Frances Wickes, kilichotoka 1927 kikiwa na utangulizi wa Carl Jung. Hoja kuu ya Wickes ni kwamba mtoto huishi ndani ya yale ambayo wazazi wake hawajayakabili, na mara nyingi shida inayoonekana kwa mtoto ni shida ya mzazi iliyokosa mlango mwingine wa kutokea. Alice, bila kitabu, anamwambia mumewe jambo lilelile: anajilaumu kwa kifo cha Irena, na ndiyo maana anamchunguza binti yake kwa hofu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Katika nyumba hii kilio kinatoka bustanini. Kwa upande mwingine wazazi wa Marekani wa enzi ile walikuwa pia wakimsoma John B. Watson, ambaye kitabu chake cha malezi cha 1928 kiliwaonya wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, na kuwashauri wawape mkono asubuhi. Oliver ni baba mpole aliyekwama kati ya mafundisho hayo mawili. Anapomchukua Amy bustanini na kumtaka akiri kwamba hakuna mtu pale, mtoto anatazama, anamwona rafiki yake, na anasema anamwona. Kwa kusema kweli anapigwa.

Wanasaikolojia walioandika baadaye wameipa filamu hoja ambazo haikuwa nazo. Mwaka 1951 daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, D. W. Winnicott, alieleza eneo la kati ambamo mtoto huishi na kitambaa au mdoli wake mpenzi, kitu ambacho si cha ndani ya akili tupu wala si cha nje tupu. Akaongeza kwamba kuna swali ambalo mtu mzima hapaswi kumwuliza mtoto: hiki umekibuni au umekikuta? Swali la Oliver bustanini ni hilohilo. Mwaka 1975 Selma Fraiberg na wenzake walichapisha makala maarufu juu ya mizimu inayozuru chumba cha mtoto mchanga, wakiwa na maana ya machungu ya zamani ya wazazi ambayo hayajasemwa na ambayo humwangukia mtoto asiyeyajua. Kuhusu marafiki wa kufikirika wenyewe, utafiti wa Marjorie Taylor na wenzake uliochapishwa 2004 ulikuta kwamba asilimia 65 ya watoto waliofuatiliwa walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa aina hiyo kufikia umri wa miaka saba. Kwa hesabu hiyo Amy hana kasoro. Mwenye kasoro ni anayemtetemekea.

Mwanasosholojia David Riesman alikuwa ameiona hofu hiyo mapema. Katika The Lonely Crowd, kitabu cha 1950 kuhusu tabia ya Wamarekani wa wakati wake, aliitumia filamu hii kama mfano wa wazazi wa tabaka la kati ambao upweke wa mtoto unawatia kiwewe, kana kwamba kukosa marafiki ni kufeli mtihani. Usomaji wake ni sahihi ila ni nusu. Oliver anahofia macho ya majirani, ndiyo, lakini zaidi ya majirani anaihofia kumbukumbu.

Pingamizi zito kuliko yote linamhusu Irena mwenyewe. Katika filamu ya kwanza aliua. Iweje arudi akiwa mlezi mpole anayefundisha hesabu? Jibu ni kwamba huyu wa bustanini ni Irena kama anavyoweza kujulikana na mtoto aliyemwona katika picha tu, pamoja na ile sehemu ya Irena ambayo Oliver aliizika bila kuiomboleza: mwanamke mpweke, mgeni katika nchi ya watu, aliyetaka kupendwa. Filamu haisemi kama ni mzimu au ni mawazo. Kuna nyakati inaegemea upande mmoja, kuna nyakati upande wa pili, na mtazamaji anayedai jibu anajikuta kwenye viatu vya Oliver.

Sehemu ya mwisho inaonyesha jinsi ufundi wa Lewton ulivyohamishwa kutoka hofu ya mnyama kwenda hofu ya mtoto. Amy ametoroka nyumbani usiku katika theluji. Bibi Farren alikuwa amemsimulia habari za mpanda farasi asiye na kichwa, na sasa darajani mtoto anasikia mshindo wa kwato unaokaribia, unaongezeka, unampita: ni gari lenye mnyororo uliolegea kwenye tairi. Ni mbinu ileile ya basi, lakini safari hii hofu inatokana na hadithi ambayo mtu mzima aliisimulia kisha akaenda zake. Mtoto anafika kwa Farren. Mama mkongwe anajaribu kumficha, moyo unamshinda, anafia kwenye ngazi. Barbara, aliyenyimwa upendo mpaka dakika ya mwisho, anamsogelea Amy akiwa na nia ya kumnyonga. Amy anamwita rafiki yake, na mbele ya macho yake sura ya Irena inatanda juu ya Barbara. Anamkumbatia mwanamke yule na kumwita rafiki. Mikono ya Barbara, iliyokwisha kukaza, inalegea.

Kukumbatia ndiko kulikokatazwa katika filamu ya kwanza. Kule, mkono uliomgusa Irena uliamsha chui. Hapa mkono wa mtoto unamzuia muuaji, kwa sababu ni mara ya kwanza Barbara anapokewa na mtu bila kuhojiwa yeye ni nani. Mwandishi yeyote angeweza kupanga ufanano huo kwa ajili ya urembo. Walichofanya Bodeen na Lewton ni kuuweka mahali ambapo kisa kisingesonga bila huo.

Nyumbani, Oliver anamwuliza Amy kama rafiki yake yuko bustanini. Yuko. Anamwambia naye anamwona, na wala hageuki kutazama. Tukio hilo nalo limelaumiwa: baba amedanganya, wasema wakosoaji, na mtoto amebembelezwa kwa uongo. Kwa kipimo cha Winnicott, hata hivyo, swali limekoma kuulizwa, na hilo ndilo lililohitajika. Tena Oliver ndiye mtu pekee kati ya walio hai pale ambaye akisema anamwona Irena ana haki ya kusema hivyo.

Kasoro zipo na hazifai kufunikwa. Alice amepewa nafasi finyu mno, hasa kwa kuwa yeye ndiye aliyewindwa katika filamu ya kwanza. Miongozo ya von Fritsch na Wise haikushonwa vizuri kila mahali, na vipande vilivyoongezwa na studio vinaonekana kama vilivyo. Hatima ya Barbara, ambaye kwa usomaji huu ni mtu wa pili kwa uzito, inaachwa hewani.

Mapokezi ya 1944 hayakuwa mabaya kama inavyodhaniwa. Bosley Crowther wa New York Times, ambaye hakuwa rafiki wa filamu za kutisha, aliona ndani yake uchunguzi unaogusa wa akili ya mtoto mwepesi wa hisia. James Agee aliisifu katika jarida la The Nation, na kilichomvutia hakikuwa filamu pekee bali watazamaji wake: wapenzi wa vitisho, waliokuja kwa ajili ya watu paka, walipiga makofi kwa dhati mwishoni, bila kuhisi wameibiwa. Baadaye ilionyeshwa katika masomo ya saikolojia ya watoto. Wise aliendelea na Lewton katika The Body Snatcher ya 1945, kisha akawa mwongozaji mkubwa wa West Side Story na The Sound of Music. Mwaka 1963 alirudi kwenye njia ya mwalimu wake kwa The Haunting, filamu nyingine ya nyumba yenye mzimu usioonekana na mwanamke asiyeaminiwa. Lewton alifariki mwaka 1951 akiwa na miaka 46.

Cat People iliingizwa mwaka 1993 katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa, na mwaka 1982 Paul Schrader alikuwa ameitengeneza upya kwa damu na ngozi tupu zaidi. Hakuna aliyejaribu kuutengeneza upya mwendelezo. Mkusanyo wa filamu za Lewton uliotoka kwenye DVD mwaka 2005 uliziweka zote mbili katika diski moja. Anayezitazama mfululizo, siku moja, hupata muda mfupi tu kati ya Oliver anayekiri kwamba Irena hakudanganya na Oliver anayesema alijidanganya, na ni vigumu kwake kudhani kwamba mabadiliko hayo yalitokea kwa bahati mbaya.